Nani alilala hapa?

Haya ni maneno niliyoyasema Mnazi Mmoja mbele ya wazaliwa na wenyeji wa Kariakoo, Dar es Salaam. Nimeyaandika upya kutoka kwenye karatasi zangu. Pale nilipotoka nje ya karatasi, nimekumbuka nilivyoweza.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana, marahaba, hata ninyi ambao bado hamjaamkia. Asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe. Watu wa Msimbazi na watu wa Jangwani mtasalimiana wenyewe, mimi simo.

Nimeombwa niseme Kariakoo imebadilikaje, nani ameondoka na nani ameingia, na hali za watu kipato zikoje. Mimi si profesa. Nimefundisha shule ya msingi miaka 34. Ila kuna kazi moja nyingine niliyoifanya ambayo ndiyo inanipa ujasiri wa kusimama hapa: nilikuwa karani wa sensa mwaka 1988, nikarudia 2002, na 2012 nikawa msimamizi wa makarani. Mara zote tatu nilikuwa Kariakoo hii hii. Kwa hiyo nimeingia kwenye vyumba vyenu, wengine mkiwa bado mnanyonya.

Mnaokumbuka sensa mnajua swali letu la kwanza. Hatuulizi nani mwenye nyumba, wala nani anafanya biashara hapa. Tunauliza: usiku wa kuamkia siku ya sensa, nani alilala hapa? Aliyelala anahesabiwa. Asiyelala hahesabiwi, hata kama jengo lote ni lake na jina lake limeandikwa juu kwa taa za rangi. Swali hilo nimeliuliza mlango kwa mlango, na naamini linaeleza habari ya Kariakoo kuliko bei ya fremu, yaani chumba cha duka.

Nianze na 1988. Nyumba yetu ilikuwa Mtaa wa Narung'ombe. Nyumba ya Kiswahili kama zilivyokuwa zote: unaingia mlango wa mbele, ukumbi unakwenda moja kwa moja hadi uani, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto. Uani kuna jiko, bafu, choo na kamba za nguo. Mbele kuna baraza. Chumba cha kwanza kushoto alikaa baba na mama. Cha pili tulilala sisi watoto. Vinne vilivyobaki ni vya wapangaji: karani wa Reli na mkewe, kuli wa bandarini mwenye watoto watano, fundi cherehani kutoka Tanga, mseja, ambaye kila mwaka alikuwa anaoa mwaka ujao, na mama mmoja wa Kindengereko muuza vitumbua, mjane, aliyekuwa akiwasha jiko saa tisa za usiku na moshi wake ndio uliokuwa saa yetu ya kengele. Mwenzangu aliyehesabu nyumba ile aliandika watu 26.

Sasa tazameni kipato cha watu hao 26. Karani wa Reli ana mshahara wa mwezi. Kuli analipwa akiitwa kazini. Fundi anangoja Idi na Krismasi. Mama vitumbua anapata kila siku, kidogo, lakini kila siku. Na mwenye nyumba anaishi kwa kodi ya hao wote. Hawalingani hata kidogo. Lakini choo ni kimoja, na zamu ya kufagia ua ni moja. Kuli akikosa kazi wiki nzima, mama vitumbua anajua, maana watoto wanapita jikoni kwake asubuhi bila senti. Anawapa. Mwisho wa mwezi wanahesabiana. Wataalamu wana jina lao la jambo hili. Sisi tulisema tu watu wa nyumba moja.

Nisitie chumvi. Choo kilifurika kila masika, kipindupindu kilipiga hodi, na magomvi ya ndoo na kamba za nguo yalifika kwa mjumbe wa nyumba kumi kila wiki. Anayewaambia Kariakoo ya zamani ilikuwa pepo hakuwa na zamu ya kufagia.

Na nisiwadanganye kuhusu uenyeji. Hakuna mtu humu ndani mwenye asili ya Kariakoo. Jina lenyewe linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Hapa palikuwa kambi yao. Nendeni mkasome vibao vya mitaa: Narung'ombe, Mahiwa, Tandamti. Vijana wanadhani ni majina ya miti. Ni viwanja vya vita vya mwaka 1917 huko Lindi na Kilwa, ambako wapagazi walikufa kwa njaa, homa na kuhara kuliko kwa risasi. Mjerumani alikuwa ameshaanza kuligawa eneo hili liwe la Waafrika, Mwingereza akaja akaendeleza mistari ile ile: Uzunguni kule baharini, Uhindini katikati, Uswahilini huku, na Mnazi Mmoja hapa tulipo paachwe wazi pawe kitenganishi. Kwa hiyo tumeketi leo kwenye ukuta ambao haukujengwa kwa matofali.

Wakaja Wazaramo kutoka vijiji vya jirani, Wandengereko na Wamatumbi kutoka kusini, Wanyamwezi, Wamanyema ambao asili yao ni Kongo, Wayao, Wangindo. Nilizaliwa 1957, mwaka wa sensa, ilipoonekana mji mzima wa Dar es Salaam una watu wapatao 128,000. Mwaka 1967 walikuwa kama 273,000. Mwaka 2012 mkoa ulikuwa na watu 4,364,541, na 2022 watu 5,383,728. Mji umezidi mara 40 katika umri wangu, na mimi bado najiona kijana.

Mtu angetegemea basi kwamba Kariakoo, kitovu cha mji huo, nayo ijae watu mara 40. Imejaa kweli. Pita Mtaa wa Kongo saa tano asubuhi ukiwa na begi mgongoni, utalivaa kifuani. Lakini nenda saa saba usiku, uulize swali langu la sensa.

Mambo yalianza kugeuka lini? Wengi husema ni Rais Mwinyi na ruksa yake ya biashara huria. Ni kweli kwa nusu. Kabla yake kuna sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majengo. Jengo la kupangisha lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 lilichukuliwa na kwenda kwa Msajili wa Majumba. Nyumba zetu za udongo na vyumba sita hazikufika thamani hiyo. Sheria iliyowapiga wa Uhindini ikatukwepa sisi, lakini ilitufundisha somo: usijenge kikubwa, kitaonekana. Baba yangu alikuwa na uwezo wa kupandisha ghorofa moja miaka ile. Hakuthubutu. Ndiyo maana Kariakoo ilibaki chini ya mabati kwa muda mrefu hivyo huku mji ukiizunguka. Soko lenyewe, lile alilolichora Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, kwa miaka mingi ndilo lilikuwa jengo la ajabu kuliko yote mtaani.

Ruksa ilipokuja, biashara ikafunguka. Wakaingia Wachaga, wakaingia Wakinga kutoka Makete, watu ambao, sema wasemavyo, wanajua kulala njaa ili duka lisilale njaa. Chumba cha mbele kinachotazama barabara kikatobolewa mlango kikawa fremu. Kodi ya fremu moja ikazidi kodi ya vyumba vitano vya ndani. Hesabu hiyo ikifanywa mara moja haifutiki. Chumba cha pili nacho kikatobolewa. Baraza likamezwa. Mimi niliona kwa macho: mwaka 2002, nikiwa na dodoso langu, kuna mitaa ambako vyumba vya mbele vyote vilikuwa maduka na watu wamesukumwa uani, wanaishi kwenye vibanda vya bati walipokuwa wakipika. Wageni hao wa biashara, nataka niwatendee haki, mwanzoni walilala hapa hapa. Walilala juu ya majora ya vitenge. Niliwahesabu. Leo wengi wao wanalala Mbezi na Kimara, wanakuja na Mwendokasi tangu ilipoanza 2016, au na magari yao, na saa kumi na mbili jioni wanarudi.

Kisha yakaja maghorofa. Hapa nataka nikae kidogo, maana watu wanasimulia kama vile tulifukuzwa kwa tingatinga. Sisi wa Kariakoo hatukufukuzwa. Tulitoka wenyewe, kwa karatasi za mirathi.

Nitatumia ya kwetu, ili asije mtu kusema nimemsema. Baba alifariki 1994. Alimwacha mama na watoto saba: wanaume wanne, wanawake watatu. Tukaenda kwa sheikh. Mama ana thumni, moja ya nane. Kilichobaki, mwanamume sehemu mbili, mwanamke moja. Ukitaka hesabu isiwe na vipande, unaigawa nyumba hisa 88. Mama 11. Kila kaka 14. Kila dada 7. Jumla 88, kamili, nimeifanya darasani mara nyingi, ni hesabu nzuri sana. Sasa irudishe kwenye vyumba sita. Mimi nina chumba kimoja kasoro kidogo. Mama ana robo tatu ya chumba. Dada yangu hana hata nusu. Nusu ya chumba inalalwaje?

Hapo ndipo anapoingia dalali. Dalali wa Kariakoo haji kwa mwenye nyumba, anakuja kwa mrithi mwenye shida. Anajua nani ana mtoto chuo, nani ana kesi, nani ana mgonjwa Muhimbili. Akimpata mmoja anayetaka chake, wengine sita hawana la kufanya: ama mumnunue, ama nyumba iuzwe. Walioshindwa kununuana waliuza. Waliokuwa na ujanja kidogo wakaingia ubia: ninyi toeni kiwanja, mwekezaji atoe jengo, mgawane. Sisi tulijiona wajanja. Mwaka 2006 tukasaini. Ghorofa kumi. Sisi tupate ghorofa mbili za juu na fremu mbili za chini, yeye kilichobaki.

Mama aliahidiwa nyumba yake mwenyewe ghorofa ya nane, yenye choo ndani. Alifurahi kwa kile choo, mwambie mtu aliyepanga foleni miaka 40. Lifti ilifungwa, ikafanya kazi miezi michache, ikafa. Mwekezaji akasema ni jukumu la wote, sisi tukasema ni jukumu lake. Mkataba haukusema chochote kuhusu lifti, maana sote saba tuliokaa mezani tulikuwa na magoti mazima. Mama akapanda ngazi mara moja, akakaa huko juu siku 19 bila kushuka. Siku ya ishirini alisema, nirudisheni chini. Chini hakukuwa na kwetu tena. Tukampeleka Chanika, nilikokuwa nimejenga kwa fungu langu. Ile nyumba ya ghorofa ya nane tukampangisha mfanyabiashara akaifanya stoo ya viatu. Kodi yake ilikuwa nzuri. Nasema ukweli wangu: ilikuwa nzuri.

Mwaka 2012, Agosti 26, nikawa msimamizi. Karani wangu kijana akaingia jengo letu, jengo la ghorofa kumi limesimama pale walipolala watu 26. Akarudi na fomu. Waliolala: mlinzi mmoja, vijana wanne wanaolinda mali ndani ya stoo, na Wakomoro watatu waliokuja kununua bidhaa, wamepanga kwa wiki. Watu wanane. Wa kwetu, sifuri. Nikaisaini fomu ile. Ilikuwa sahihi kabisa.

Wanauliza, je, Kariakoo imetajirika? Fedha imeongezeka, hilo halina mjadala. Wanunuzi wanatoka Zambia, Malawi, Kongo, Burundi, Rwanda. Mzigo unatoka Guangzhou. Mwaka 2023 wafanyabiashara walipofunga maduka kwa sababu ya kodi za serikali, Waziri Mkuu Majaliwa alikuja mwenyewe hapa Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Hakuna mtaa wa maskini unaoletewa Waziri Mkuu kwa kufunga mlango. Lakini swali la kipato ni kipato cha nani. Sensa haiulizi mshahara wako. Inaangalia sakafu, paa, simu, jiko. Ukichukua waliolala tu, utahesabu walinzi, makuli, vijana wa stoo na wazee wachache waliobaki, na utaandika kwamba Kariakoo ni mtaa wa watu wa hali ya chini. Ukichukua wanaoshinda mchana, utaandika ni mtaa wa matajiri. Karatasi zote mbili zitakuwa na mhuri. Na katikati kuna watu wasioingia popote: winga anayemshika mteja mkono Msimbazi na kumpeleka duka la mwenzake kwa chochote kitakachozidi bei, kijana wa guta, mama ntilie anayelisha jengo zima na hana mlango ndani yake. Mwaka 2021 machinga walipoondolewa barabarani wapangwe kwingine, tuliwaona ni uchafu. Nusu yao wajukuu zetu.

Kuna kijana aliniuliza nje hapo kuhusu wageni, hasa Wachina, na amri ya serikali ya Julai 2025 iliyowakataza wasio raia baadhi ya biashara ndogo. Maoni ya amri siyo kazi yangu leo. Ninachojua ni kwamba Mchina alipofika, baraza la baba yangu lilikuwa limeshaondoka. Fremu alipangishiwa na mtu mwenye jina kama langu, akachukua na kilemba, yale malipo ya kuachiwa fremu, juu yake.

Kuna jambo ambalo sitaki kulipita haraka. Asubuhi ya Jumamosi, Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa lilianguka hapa Kariakoo, na wakafa watu zaidi ya 20. Mungu awarehemu. Tulisimama pembeni siku zile tukisubiri. Kilichonichoma, mbali ya msiba, ni swali walilokuwa wakiulizana watu pale: wamo wangapi? Hakuna aliyeweza kusema. Zamani ukuta ukianguka usiku wa mvua, na ilianguka, mjumbe alisimama barabarani na pajama lake akataja majina: fulani, mkewe, watoto watatu, na yule mgeni wa Kilosa. Alijua kwa sababu alijua nani alilala. Jengo la watu wanaopita halina mtu wa kutaja majina.

Mwaka 2025 ukazinduliwa utaratibu wa biashara saa 24. Taa sasa zinawaka. Vizuri, vibaka wamepungua mbele ya taa. Ila msichanganye mtu aliye macho kwa ajili ya kuuza na mtu aliyelala kwa sababu ni kwao.

Sasa, ninyi ambao bado mna nyumba. Najua mko humu, nawaona, na dalali wenu pia namwona, ameketi mstari wa tatu. (Watu walicheka sana hapa, na yeye alicheka.) Siwaambii msijenge. Ukuta wa udongo hauwezi kumngoja mjukuu. Nawaambia msisaini kama tulivyosaini. Tangu 2008 kuna sheria ya umiliki wa sehemu za majengo. Kila nyumba ndani ya ghorofa inaweza kuwa na hati yake. Dai hati yako, usibaki na karatasi ya makubaliano ndani ya sanduku. Na msikubali kupewa juu. Kila mwekezaji atakupa juu, kwa sababu chini ndiko kwenye pesa. Mwambie fremu za chini chukua wewe, sisi tupe ghorofa ya kwanza na ya pili, tukae. Mzee hupanda ngazi 20, hapandi 200. Andikeni lifti. Andikeni maji. Wenye moyo, wekeni sehemu moja iwe wakfu isiuzwe, apate pa kufikia yeyote wa ukoo huo. Jiji nalo, maana Ilala ndiyo Jiji la Dar es Salaam tangu 2021, likitoa kibali cha makazi na biashara, mwaka mmoja baadaye lipande ngazi likaone kama makazi ni makazi au ni maboksi ya viatu. Waanze na jengo letu. Nitawashika mkono.

Nimalizie na sensa ya mwisho, ya 2022, ile ya vishikwambi, iliyohesabu na majengo. Sikuwa na cheo tena. Serikali ya mtaa iliniomba nimwongoze karani, binti mdogo, hajui vichochoro. Tukafika kwenye nyumba moja ya vyumba sita, kati ya maghorofa mawili, jua halifiki uani hadi saa sita mchana. Bibi mwenye nyumba ameketi mlangoni, maana baraza lilishaliwa na mtaro. Binti akamsalimia, akatoa kishikwambi. Bibi akamtazama, akakitazama, akanitazama mimi.

"Mmekuja kuhesabu au kununua?"

Binti akasema, kuhesabu, bibi.

"Basi kaa. Jana tulilala tisa."

Swala ya adhuhuri imekaribia, tutapumzika kisha nitajibu maswali. Walioegesha magari upande wa Lumumba, naambiwa yameanza kufungwa minyororo.